Mkate wa tufaha kubaki mbichi katikati

Pole, ndugu. Mkate wako kuwa mbichi katikati huku juu umeshaungua, mara nyingi chanzo ni maji ya tufaha. Ukiyakwaruza matufaha, yakamue kwa mkono kabla ya kuyatia. Ukiyakata, vipande viwe vidogo kama punje za mahindi, maana vikubwa hutoa maji ndani ya mkate na kuacha utelezi kuvizunguka. Kwa vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha tufaha kinatosha kabisa.

Ukishatia unga usikoroge sana. Mkate huu unaumuliwa na beking pauda, si hamira, kwa hiyo unga ukishalowa tu acha, hata kama kuna vidonge vidogo.

Oveni iwe nyuzi 175, kama saa 1. Juu pakianza kuiva mapema, funika kwa foili. Viungo: mdalasini kijiko cha chai 1, kungumanga robo kijiko, karafuu kidogo mno, kwani hufunika ladha ya tufaha. Na tafadhali usiukate ungali moto! Ndani bado unaiva, utadhani ni mbichi.