Raha ya kurefusha wimbo jukwaani

Umeuliza raha iko wapi gitaa likizunguka dakika 20 bila mtu kuimba. Wachukue Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani: wimbo wao "Dark Star" wa santuri ya 1968 haifiki hata dakika 3, ila ile waliyorekodi jukwaani San Francisco, Februari 1969, inapita dakika 23. Msikilize Phil Lesh kwenye besi. Hamfuati mpiga gitaa Jerry Garcia nyuma nyuma, anambishia, na Garcia naye anageuza njia. Watatokea wapi? Hata wenyewe hawajui. Kuna siku waliboronga kweli, sikatai. Lakini shoo ya jana na ya leo hazifanani, ndiyo maana mashabiki walizirekodi wakabadilishana kanda. Tafuta spika ya maana lakini, kwenye simu besi yote inapotea.