Maswali ya wasomaji: Nikijigeuza usiku mtoto atazongwa na kitovu?

SWALI: Asalaam aleikum bi mkunga, shkamoo. Mie nipo Wete, nna mimba ya wiki 31, ya kwanza hii, na usingizi umeniruka kabisa. Nnakaa na mama mkwe, ananipenda sana sina la kusema, lakini kaniambia nisijigeuze kitandani vivi hivi, kila nkitaka kubadili ubavu niinuke nikae kitako kwanza ndo nilale upande wa pili, nisije nkamzongesha mtoto na kitovu. Sasa usiku mmoja nakaa kitako mara sita mara saba, mume wangu nae halali. Halafu nimesoma kwenye simu eti lazima ubavu wa kushoto tu, wa kulia haufai, na juzi nimeamka alfajiri nkajikuta chali, nkalia mpaka mume akaniuliza kumetokea nini. Jee nshamdhuru mtoto? Na huo ubavu wa kushoto nao unaniuma nyonga hata asubuhi nachechemea.

JIBU: Waaleikum salaam, marhaba mwanangu. Futa machozi kwanza, hujamdhuru mtu.

Nianze na hilo la kitovu maana ndo linalokukosesha usingizi kuliko yote. Mtoto yumo ndani ya maji, anajipindua mwenyewe usiku na mchana, uwe umelala, umekaa au unafua, na kitovu kikimzonga basi kinamzonga kwa mizunguko yake yeye, si kwa wewe kubadili ubavu. Na watoto wengi tu wanazaliwa kimewazunguka shingoni, mie nimewapokea wengi wa namna hiyo, unakipitisha kwa kidole juu ya kichwa unakitoa na mtoto analia kama wenziwe. Kwa hiyo jigeuze mwanangu, hata mara ishirini. Ila jigeuze taratibu, na hapa mama mkwe wako ana haki kidogo, maana ukijigeuza kwa pupa unapata ule mchomo wa ghafla kinenani. Kunja magoti uyabane pamoja, halafu mabega na kiuno viende kwa mara moja, usitangulize mabega ukaacha kiuno nyuma. Na usibishane nae, siku ya kliniki mchukue mwende wote, muulizeni nesi mbele yake, akisikia kwa mwengine ataridhika.

Sasa kushoto na kulia. Kuanzia wiki 28 tunachokitaka ni ubavu, wowote. Sababu yake ni hii, nyuma ya tumbo, pembeni ya uti wa mgongo, kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na kiunoni, na mimba ikishakuwa kubwa ukalala chali uzito wote unaukalia ule mshipa, damu inayorudi inapungua na inayomfikia mtoto nayo inapungua. Ndo maana wengine wakilala chali wanahisi kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, na mtoto nae anatulia. Mwaka 2019 watafiti walikusanya pamoja takwimu za akinamama wa nchi kadhaa, zikiwemo New Zealand, Australia na Uingereza, wakaona wanaoanza usingizi wakiwa chali katika miezi mitatu ya mwisho hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda zaidi ya mara 2 kuliko wanaolala ubavu. Hatari yenyewe kwa mama mmoja mmoja ni ndogo, nakwambia ili ujue kwa nini tunakazania, si ukae na hofu. Na kwenye utafiti huo huo ubavu wa kulia na wa kushoto havikutofautiana. Kushoto kulisemwa sana zamani kwa kuwa ule mshipa uko upande wa kulia kidogo, na ukikuridhisha lalia, lakini nyonga ikiuma hamia kulia bila wasiwasi wowote.

Na kule kuamka chali, skiza vizuri. Kinachotazamwa zaidi ni vile ulivyolala ulipokuwa unachukuliwa na usingizi, maana hali ile ndo unayokaa nayo muda mrefu. Usiku mtu hajitawali. Ukiamka ukajikuta chali rudi ubavu, basi, ulale. Usiwe unaamka kila saa kujikagua. Ila na ule usingizi wa adhuhuri baada ya kula usiusahau, wengi wanashika ubavu usiku lakini mchana wanajitupa chali mkekani chini ya feni, na huo nao ni usingizi.

Nyonga zinauma kwa sababu goti la juu linaanguka mbele na kukivuta kiuno usiku kucha. Hapa huhitaji kununua mto wa dukani wa bei ghali. Chukua mto wa sufi ulioshiba, si ule ulioshabonyea ukawa kama chapati, uweke kati ya magoti ushuke mpaka vifundoni, goti lisiwe na mto halafu mguu unaning'inia. Halafu chukua kanga mbili kuukuu, zikunje pamoja uziviringe zipate unene wa mkono, uzichomeke chini ya tumbo pale linapogusa godoro, sio kulinyanyua, kulishikilia tu lisivute mgongo. Na mto mwengine mgongoni, ukitaka kuangukia chali unakuzuia. Tazama na godoro, kama limeingia shimo katikati ligeuze juu chini. Wakati wa kuinuka usijikaze tumbo kama mtu aliyeitwa, lala ubavu kwanza, teremsha miguu chini ya kitanda, halafu jisukume kwa mkono na kiwiko. Kama mnalalia samadari ya wazee, ile ndefu, weka kigoda chini.

Kiungulia hukukitaja lakini kitakuja kama bado. Kula cha usiku mapema, yapite masaa mawili au matatu kabla ya kulala, na urojo wenye ndimu na pilipili ule mchana, sikukatazi. Ukiungua inua kichwa na mabega kwa mito, ubavu vile vile. Na kigimbi kikikaza usiku, nyoosha mguu uvute vidole vije kwako, usivielekeze chini, kitaachia.

Jambo moja nakuomba ulishike kuliko mito yote. Wiki hizi ushajua mtoto wako anacheza vipi na saa ngapi. Siku ukiona amepunguza, usiambiwe kwamba ndo anakaribia kuzaliwa ametulia, hiyo si kweli, mtoto anacheza mpaka siku ya kuzaliwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane, mwamshe mumeo. Na ukiwashwa viganja na nyayo usiku bila vipele, kawaambie kliniki, wasikupe mafuta ya kupaka tu wakakurudisha, waombe wakupime damu waangalie ini.

SWALI: Bi mkunga, mie mwanamme, nipo Unguja. Mke wangu ana mimba ya miezi minane na tangu mwezi uliopita ameanza kukoroma kwa sauti kubwa, zamani hakuwa hivo. Yeye anaona haya kwenda kuulizia. Miguu imemvimba na pete haivuliki. Ni kawaida?

JIBU: Umefanya vizuri kuuliza mwanangu, mwambie haya haina nafasi hapa. Kukoroma kidogo kwenye mimba kunatokea, pua zinavimba ndani, na miguu kuvimba jioni nako kunatokea. Lakini kukoroma kulikoanza ghafla kwa sauti kubwa, na uvimbe umepanda mpaka mikononi, mie singoji tarehe ya kliniki, maana kukoroma kunakoanzia mimbani tumekuona kukifuatana na presha kupanda. Mpeleke kesho asubuhi akapimwe presha na mkojo. Leo usiku alale ubavu, mito imuinue kidogo. Na akisema kichwa kinamuuma sana, au anaona vimulimuli machoni, au anaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, au uso umemvimba, usingoje kuche, tafuta gari saa hiyo hiyo.