Homa siku ya nane baada ya kemo: weka chini hiyo dawa mseto ya malaria, mpeleke mama sasa hivi

Dada, umeuliza kuhusu kutapika, vidonda vya mdomoni na kukosa hamu ya kula, halafu katikati umegusia tu kwamba mama ana homa tangu jana, siku ya nane baada ya dripu ya kemo (dawa za saratani), na umeshamnunulia mseto na Panadol. Hapo ndipo moyo wangu uliporuka.

Mama yangu ilikuwa siku ya tisa, saratani ya titi, mzunguko wa pili. Jioni akasema baridi inamtambaa mgongoni. Nikakimbilia duka la dawa la mtaani. Muuzaji hakuuliza mgonjwa yuko kwenye matibabu gani, wala hakupima: "Malaria hiyo, msimu wake huu." Nikampa mama mseto na Panadol, homa ikashuka, tukalala tukimshukuru Mungu. Kumbe joto tu ndilo lililoshuka, maambukizi yanaendelea. Kesho yake kutwa nikaendelea na vidonge. Keshokutwa alfajiri hakuweza kusimama, na maneno yake hayaeleweki. Daktari aliuliza homa ilianza lini. Nikasema juzi. Akanyamaza. Chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zilikuwa karibu zimekwisha. Tulikaa wadini siku kumi na moja, antibayotiki kwa mshipa, na kemo iliyofuata ikaahirishwa.

Yule muuzaji sijamsamehe hadi leo. Mtu asiyeuliza swali hata moja anathubutuje kutoa dawa? Na shangazi aliyeniambia homa ni dalili kwamba kemo inafanya kazi, naye aliniponza. Kemo huua seli zinazozaliana haraka, zikiwemo za uboho wa mifupa zinazotengeneza chembe nyeupe. Mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 kinga ndiyo iko chini kabisa, na bakteria wa mdomoni au tumboni mwa mgonjwa mwenyewe wanaweza kumwangusha kwa saa chache. Usitegemee kuona usaha au uvimbe. Hizo chembe za kuufanya hazipo.

Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, ni hospitali, hata kama ni saa nane za usiku. Usimpe cha kushusha homa kabla hajaonwa. Neno la kwanza mlangoni liwe "yuko kwenye kemo", na usikubali kuwekwa foleni. Hata wakikuta malaria, damu ipimwe chembe nyeupe.

Vidonda asukutue kwa maji ya chumvi. Mengine baadaye. Tafuta bajaji, ukifika andika hapa, niko macho.