Kufunga baza ya indiketa kwenye skuta, na namna ya kuifunga isikukere

Indiketa ya skuta haijizimi. Kwenye gari usukani ukirudi katikati kuna kipande ndani kinaisukuma ile swichi inarudi yenyewe, ila skuta kona unaikata kwa kuilaza, hendo inageuka kidogo tu, kwa hiyo hakuna cha kuisukuma swichi na kazi yote inabaki kwa dole gumba, na dole gumba linasahau jamani. Yamaha waliwahi kutoa pikipiki zenye indiketa za kujizima mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini kwa skuta za kawaida hizi zetu hilo sahau.

Shida sio watu kukupungia mikono njiani. Shida ni yule dereva anayesubiri kutoka njia ya pembeni, anaona indiketa yako inawaka anajua unakata kuingia kwake, anatoka, kumbe we unapita moja kwa moja. Na kale kataa kadogo ka indiketa kwenye dashibodi jua likiwa kali hukaoni, mlio wa flasha (kale kadude kanakowasha na kuzima indiketa) nao ukishavaa helmeti na injini inanguruma ndo basi tena. Ndo maana nikafunga baza, kitu kinacholia kila indiketa inapowaka.

Baza ni kale kadude keusi ka duara kenye tundu juu na waya mbili, nyekundu chanya na nyeusi hasi. Chukua iliyoandikwa volti 12, au zile za volti 3 mpaka 24. Inakula umeme kiduchu sana, balbu moja ya indiketa ya wati 10 inakula kama ampea 0.8 wakati baza haifikii hata sehemu ya kumi ya hapo, kwa hiyo usiogope eti itavuruga mwendo wa indiketa. Ila angalia kitu kimoja, kuna baza zinazolia mfululizo na kuna zinazokatakata zenyewe, pi pi pi. Chukua ya kulia mfululizo, flasha ndo itaikata. Ukichukua ile nyingine midundo miwili inagongana, inatoka kelele ambayo haieleweki kabisa.

Sasa waya. Wengi wanakimbilia kuunga kwenye waya unaotoka kwenye flasha kwenda kwenye swichi, kwa sababu ni mmoja na ni rahisi. Mi sishauri, maana kuna flasha ambazo pale panakuwa na umeme hata indiketa ikiwa imezimwa, utawasha swichi ya ufunguo tu baza inaanza kulia na hainyamazi. Unga baada ya swichi, yaani kwenye waya wa kushoto na waya wa kulia. Honda, na skuta nyingi za Kichina zinazofuata rangi za Honda, kushoto ni rangi ya chungwa, kulia ni bluu mpauko, na kijani ni ethi, yaani waya wa hasi unaorudi kwenye bodi na betri. Yamaha kushoto ni kahawia, kulia ni kijani iliyokolea, ethi ni nyeusi. Umeona hiyo kijani? Huku ethi, kule indiketa, kwa hiyo usiamini macho, chukua testa uhakikishe, hasa kama skuta imeshapita kwa mafundi wengine kabla yako.

Ukiziunga hizo waya mbili pamoja hivi hivi, umeme wa kushoto unavuka kwenda kulia na taa zote nne zinawaka, na flasha inabebeshwa mzigo ambao sio wake. Hapo ndo unahitaji dayodi mbili, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, 1N4007 inatosha kabisa na iko kila mahali penye vifaa vya redio. Moja kwenye waya wa kushoto, moja wa kulia, zile ncha zenye mstari mweupe zikutane kwenye waya mwekundu wa baza. Umeme unaingia, haurudi.

Waya mweusi wa baza unaweza kuupeleka ethi na kazi ikaisha. Lakini fikiria umesimama kwenye taa nyekundu unasubiri kukata, pii, pii, pii, watu wote wanakugeukia, na hii ndo inafanya wengi wang'oe baza baada ya muda mfupi. Dawa yake naipenda sana: huo waya mweusi usiupeleke ethi, upeleke kwenye waya wa taa ya breki, ule unaotoka kwenye swichi ya breki kwenda kwenye balbu ya nyuma. Usiposhika breki, baza inapata ethi yake kupitia uzi wa balbu, umeme ni mdogo mno balbu haiwaki, baza inalia. Ukishika breki waya ule unapata volti 12, sasa baza ina chanya pande zote mbili, inanyamaza. Yaani ukisimama umeshika breki kimya, ukiachia kuondoka inaanza kukukumbusha, na wakati wa kukumbushwa ndo huo. Kama taa yako ya breki ni ya LED hii inaweza isikubali vizuri, basi peleka ethi na uweke kaswichi kadogo ka kuikatia.

Skuta za zamani kabisa zisizo na betri, zinazowasha taa moja kwa moja kutoka kwenye magneto, yaani kizalisha umeme cha kwenye injini, hizo umeme wake ni wa AC, unageukageuka chanya na hasi, baza ya kawaida haitafanya kazi sawasawa, ongea na fundi umeme kwanza.

Kabla hujakata chochote toa waya wa hasi kwenye betri, ukipiga shoti fyuzi inakwenda, na kama skuta yako inayo moja tu unabaki huna hata taa. Maungio choma kwa lehemu uvalishe mpira, kusokota na kuzungushia tepu hakudumu, mtikiso wa skuta unalegeza kila kitu. Acha waya ulegee kidogo karibu na hendo, geuza kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho uone hauvutwi. Baza yenyewe ikae ndani ya kava ya mbele, tundu likiangalia chini maji yasiingie. Ikiwa kali sana bandika kipande cha tepu juu ya tundu ukitoboe kwa sindano, ukiona bado inakukera ongeza kingine juu yake, ila ijaribu ukiwa unatembea na helmeti kichwani, sio imesimama nyumbani, maana nyumbani kila baza inaonekana kali.