Usipulize Dawa Kabla Hujamjua: Kuwatambua Sisimizi wa Majumbani Nyanda za Juu Kusini

Juzi msomaji mmoja wa Uyole ameniandikia. Jikoni kwake wameingia sisimizi wadogo sana, wa rangi ya asali. Kapuliza dawa ya kopo mara tatu ndani ya wiki mbili. Badala ya kuisha, wametokea bafuni, wametokea chumba cha mtoto, na sasa wanachomoza kwenye tundu la soketi. Swali lake: ipi dawa kali kuliko hii?

Ndugu yangu, dawa uliyonayo ina ukali wa kutosha. Kilichokuangusha ni kupuliza kabla hujajua unampulizia nani. Kwa maelezo hayo, nina karibu hakika kuwa huyo ni sisimizi anayeitwa kitaalamu Monomorium pharaonis. Kundi lake lina malkia wengi, na likishtuliwa kwa dawa hugawanyika. Kila kipande hubeba malkia, mayai na mabuu, kikahamia ukuta mwingine na kuanza maisha upya. Ulikuwa na kundi moja. Kila ulipobonyeza kopo, ulikuwa unaligawa.

Nasema kwa uchungu, kwa sababu mvua za Novemba zikianza tu swali hili hurudi, toka Mbeya mjini, Tukuyu, Mafinga mpaka Njombe, na karibu kila anayeuliza huanza na dawa, mdudu akamtaja mwishoni. Tuanze na mdudu.

Hakikisha kwanza si mchwa

Mchwa si sisimizi. Ndugu wa karibu wa mchwa ni mende. Ndugu wa sisimizi ni nyuki na nyigu. Usiku wa mvua ya kwanza wote wawili huruka na kujaa kwenye taa, hapo ndipo watu huchanganya. Asubuhi okota waliobaki sakafuni. Kumbikumbi, ambaye ni mchwa mwenye mabawa, ana mabawa manne yenye urefu sawa, hana kiuno, na vipapasio vyake vimenyooka kama uzi wa shanga. Sisimizi mwenye mabawa ana ya mbele marefu kuliko ya nyuma, kiuno chembamba, na vipapasio vilivyokunjika kama kiwiko. Ukikuta ni kumbikumbi na wametokea ndani ya nyumba, acha kusoma hapa, kakague mbao za paa na fremu za milango utafute vijia vya udongo.

Yuko na wa tatu: mdudu mkubwa wa kahawia, tumbo refu kama soseji, anayejigonga kwenye taa usiku hadi anaanguka. Wengi humdhania nyigu. Huyo ni dume la siafu, naye hana madhara.

Kumkamata na kumpima

Unahitaji karatasi nyeupe, seloteipu, rula yenye milimita, na lenzi ya kukuza mara 10. Simu yenye kamera nzuri inatosha ukiegesha lenzi hiyo mbele yake. Kamata sisimizi kati ya watano na kumi kutoka kwenye mstari uleule. Mmoja hafai, kwa sababu spishi kadhaa zina wafanyakazi wa maumbo mawili au zaidi, na ukimpata mdogo peke yake utakosea. Watie kwenye kichupa, weka kwenye friza dakika 20, kisha wabandike miguu kwa seloteipu. Kama huna friza, tone la spiriti linatosha.

Piga picha ya ubavuni kabla ya ya juu. Watu hunitumia picha za mgongoni tu, na mgongoni hapaonekani kitu cha maana. Siri ya sisimizi iko kiunoni, na kiuno huonekana kwa ubavu.

Kwa urefu, kama rula inakusumbua, tumia nafaka. Punje ya ulezi ni kama milimita 1.5, ufuta ni kama 3, na punje ya mchele wa Kyela ni 6 hadi 7. Weka punje kando ya mdudu kwenye picha, mtu yeyote atakuelewa.

Sasa hesabu mafundo ya kiuno, yaani vile vijinundu kati ya kifua na tumbo. Kuna wenye fundo moja na wenye mafundo mawili. Hatua hii moja tu hupunguza orodha karibu nusu, na ndiyo ambayo wengi huiruka.

Wale wadogo wa jikoni

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu wanne wanaofanana machoni wanataka hatua tofauti.

Wa kwanza ni huyo wa Uyole, Monomorium pharaonis. Mafundo mawili, milimita 2, njano hadi kahawia nyepesi, ncha ya tumbo imekoza kidogo. Wote urefu mmoja. Vipapasio vina vipingili 12, na vitatu vya mwisho vimenenepa kama rungu. Anapenda joto, kwa hiyo kwenye baridi yetu ya Juni na Julai hukaa nyuma ya friji karibu na mota, ndani ya masanduku ya soketi, kwenye nyufa za ukuta ulio karibu na jiko. Anakula sukari, mafuta, nyama, hata usaha wa bandeji. Ndiyo maana anaogopwa hospitalini, kwani hubeba vimelea kutoka kidonda hadi kidonda.

Wa pili ni Tapinoma melanocephalum. Ni mdogo kuliko wa kwanza, kiasi cha punje ya ulezi, kichwa cheusi na tumbo jeupe linaloonyesha ndani. Ukimwangalia haraka mezani unaona kichwa tu kinakimbia. Fundo lake ni moja lakini limelala chini ya tumbo, kwa hiyo usidanganyike ukadhani hana. Kipimo cha uhakika ni pua: mpondeponde kati ya vidole, atanuka kama nazi iliyochacha. Naye ana malkia wengi na hugawanyika, basi yale ya kopo la dawa yanamhusu pia.

Wa tatu ni Pheidole megacephala, sisimizi wa vichwa vikubwa. Huyu ndiye aliyenifanya nisisitize kukamata kumi. Wafanyakazi wadogo ni milimita 2 na wana umbo la kawaida; askari ni 3 hadi 4, na kichwa chao kimepasuka kwa nyuma kama umbo la moyo, kikubwa kuliko mwili unavyostahili. Mafundo mawili. Kiota hakipo ndani bali nje, chini ya msingi, chini ya matofali ya njia au mizizi, na alama yake ni vilima vya udongo laini kandokando ya ukuta. Ndani anafuata mafuta, dagaa, nyama na wadudu waliokufa kuliko sukari.

Wa nne ni Lepisiota, mweusi anayeng'aa, milimita 2 hadi 3, anakimbia mno. Fundo moja lenye miiba miwili midogo juu. Kiota ni nje kwenye nyufa za saruji. Anaingia kwa ajili ya sukari na kurudi. Ziba ufa, funika sukari, umemaliza. Kumwagia sumu ndani ya nyumba ni kupoteza fedha.

Wakubwa

Camponotus ana urefu wa milimita 6 hadi 12, fundo moja, na mgongo wa kifua umepinda kwa mfululizo kama upinde. Anayekutana na watu zaidi majumbani kwetu ni Camponotus maculatus, wa njano-kahawia mwenye madoa pembeni mwa tumbo, na hutoka usiku. Hana mwiba, huuma kwa taya na kurushia tindikali inayonuka kama siki. Hali mbao. Ukikuta vumbi la mbao chini ya fremu na sisimizi hawa karibu, tafuta mahali maji yanapovuja, kwa kuwa hupenda kuchimba ubao uliokwisha kuoza. Rekebisha bati, badilisha ubao, watahama.

Sungusungu ni mweusi, mkubwa kuliko punje ya mchele, ana mwiba halisi nyuma na anachoma kweli. Jina moja linabeba wawili. Paltothyreus tarsatus hutembea peke yake na hutoa harufu mbaya akishikwa. Megaponera analis hutembea kwa msafara kwenda kuvamia mchwa, na ukiinama karibu unasikia mlio mwembamba. Huyu wa pili mwache apite. Kazi anayoifanya kwenye kichuguu kilicho karibu na nyumba yako hutailipia popote. Aliyechomwa aoshe kwa sabuni na kuweka maji baridi. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni hospitali mara moja.

Crematogaster utamjua kwa tumbo lenye umbo la moyo analolipindua juu ya kichwa akikasirika. Anaishi kwenye matawi makavu, na wenye parachichi wa Rungwe na Njombe wanamjua kwa kulinda wadudu mafuta na wadudu gamba ili alambe utamu wao. Akiingia ndani, karibu kila mara kuna tawi linalogusa bati. Likate.

Na majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya miembe? Hao ni wa ukanda wa joto. Pwani wanalinda hata minazi dhidi ya wadudu wanaofyonza nazi change. Mtu wa Njombe anayesema ana majimoto kabatini ana mdudu mwingine. Apime upya.

Chambo, si mnyunyizo

Ukishamjua, mpe anachopenda. Jioni weka kadi mbili sentimita 30 kutoka kwenye mstari wao, moja na tone la maji ya sukari, nyingine na dagaa aliyesagwa na kulowekwa mafuta kidogo. Baada ya nusu saa hesabu waliopo kila kadi. Jibu hilo ndilo linaloamua chambo.

Chambo cha sukari: vijiko vya chai 1½ vya boraksi, vijiko vya chakula 8 vya sukari, maji ya vuguvugu mililita 375. Koroga hadi kiyeyuke chote. Boraksi ni ileile wanayotumia masonara kuyeyushia dhahabu. Lowesha pamba, iweke ndani ya kizibo cha soda, kizibo ndani ya kopo lenye vitundu na kifuniko, sehemu ambayo mtoto na kuku hawafiki, kwa kuwa ni sumu wakiila. Kwa wanaopenda mafuta, changanya kijiko kimoja cha chai cha boraksi na vijiko vya chakula 10 vya siagi ya karanga, hadi isionekane nyeupe popote.

Makosa yanayoharibu kazi nayajua kwa mpangilio wake. La kwanza, mtu huongeza boraksi akitaka wafe upesi. Mfanyakazi anakufa njiani kabla ya kukifikisha chambo kiotani, malkia hapati kitu. La pili, anapuliza dawa palepale alipoweka chambo, na hakuna atakayekigusa. La tatu, anafuta mstari wao kwa sabuni siku ya kwanza, kisha anashangaa kwa nini hawakioni chambo. Futa baadaye. La nne, chambo kinakauka. Badilisha pamba kila baada ya siku mbili. Na siku tatu za mwanzo wataongezeka. Hapo ndipo wengi hushika kopo tena na kuharibu kila kitu. Vumilia, tafadhali.

Kwa Pheidole, peleka chambo nje karibu na vilima vya udongo. Kukiweka jikoni ni kuwaalika ndani.

Siafu ni jambo la usiku huohuo

Siafu wana ukubwa mchanganyiko ndani ya msafara mmoja, toka milimita 3 hadi zaidi ya 10, wekundu-weusi, na wafanyakazi hawana macho kabisa. Hutafuti chambo hapa. Ondoa watoto wachanga, wazee na wagonjwa kwanza. Kisha fungua banda la kuku, fungua mbuzi aliyefungwa kamba, toa sungura. Kinachokufa kwa siafu ni kile kisichoweza kukimbia. Vaa buti za mvua, usiukanyage msafara, na usimwage mafuta ya taa ukawasha. Nyumba zimeungua hivyo. Mwaga mstari mpana wa majivu makavu mlangoni kwa chumba unachotaka kukiokoa, na uache njia nyingine wazi watoke. Wakimaliza mende, panya na kunguni, wataondoka wenyewe. Aliyekung'ata usimvute mwili, kichwa kitabaki. Shika kichwa kwa kibanio na ulegeze taya moja baada ya nyingine.

Kwa wewe wa Uyole

Weka kopo chini leo. Subiri siku saba bila dawa yoyote ili waliotawanyika watulie. Kamata kumi kutoka soketi na kumi kutoka jikoni, kando kando na punje ya ulezi, na unitumie picha za ubavuni. Ikithibitika ni Monomorium pharaonis, weka chambo cha sukari na cha karanga sehemu zote nne ulizowaona kwa wakati mmoja: nyuma ya friji, bafuni, chumba cha mtoto mahali pa juu asipofika, na chini ya soketi. Usiingize kitu chochote chenye unyevu ndani ya soketi yenyewe. Endelea wiki nne bila kukatiza, hata wiki ya pili wakionekana wameisha, kwa sababu mayai yaliyokuwamo wiki ya kwanza yatakuwa hayajamaliza kukua kuwa sisimizi kamili.