Jibu: Dubai ukiacha maghorofa, wageni tunafurahia nini?

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema umepata kazi Dubai, mke anasita, na unataka mtu anayeishi huku akwambie wageni wanafurahia nini hasa, ukiacha maghorofa na picha za mtandaoni. Mchangiaji aliyetangulia amekujibu kwamba hakuna kitu, ni joto na madeni tu. Mimi niko hapa mwaka wa tisa. Sijawahi kupanda Burj Khalifa hata siku moja, na bado nikiwa likizo Tanga, ikifika wiki ya tatu naanza kuikumbuka Deira, mtaa wa zamani wa Dubai. Nitajibu kwa yale niliyoyaishi. Kibarua changu ni ofisi ya kusafirisha mizigo: wafanyabiashara wa Kariakoo wananunua huku, sisi tunapima CBM, yaani ukubwa wa mzigo kwa mita za ujazo, tunaandika alama, tunajaza kontena. Kwa hiyo Dubai ninayoijua ni ya Deira, Naif na Karama. Wa mitaa ya kifahari, Marina na Palm, watakuja kusimulia ya kwao.

Kwanza, huu mji una watu zaidi ya milioni 3.5, na karibu 9 kati ya kila 10 ni wageni. Takwimu hiyo unaweza kuisoma popote, lakini mpaka uishi ndani yake ndipo unajua inafanya nini kichwani mwa mtu. Nina binamu Uingereza, mwaka wa ishirini sasa, na mpaka leo kuna mtu atamuuliza "umetoka wapi hasa?" na yeye anajua maana yake. Huku swali hilo hilo ndiyo salamu. Ukipanda teksi, kabla hujafunga mlango dereva anauliza nchi gani, na wewe unamuuliza yeye, anakwambia Peshawar, Pakistani, mnaanza kuzungumzia bei ya mbuzi. Kwa kuwa karibu kila mtu ni mgeni, hakuna anayekutazama wewe peke yako kama mgeni. Ule mzigo wa ugenini unakuwa mwepesi, aisee, mpaka unausahau.

Sasa usije ukadhani nasema watu wote ni ndugu. Ubaguzi upo, na upo waziwazi. Utaona tangazo la chumba limebandikwa ukutani: wanaume wa Kerala (jimbo la kusini mwa India) tu, au Wafilipino tu. Kwenye mishahara nako, watu wawili wa kazi moja wanaweza kulipwa tofauti kwa sababu ya pasipoti. Na watu wengi wanaishi kando kando, kila taifa na migahawa yake, saluni zake na mtaa wake. Mchanganyiko halisi unatokea pale watu wanapolazimishwa na kodi ya nyumba.

Kwangu mimi ulitokea jikoni. Nilipofika nilikodi kitanda, si chumba. Chumba kilikuwa na vitanda vinne, nyumba ina vyumba vitatu, jiko moja na friji moja iliyojaa majina ya watu kwa kalamu ya wino mzito. Kulikuwa na mzee wa Kerala, Wafilipino wawili, Mnepali, Mganda, Mpakistani mmoja na mimi. Kila mmoja alikuwa anaitwa "kaka" kwa lugha yake. Mzee wa Kerala ni chetta, Mfilipino mkubwa ni kuya, Mnepali ni dai, Mpakistani ni bhai. Mimi nikawa "Kaka" kabisa, wakadhani ndilo jina langu. Mwaka mzima nimeitwa Kaka na watu ambao hawajui Kiswahili neno la pili.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa harufu. Wafilipino wana samaki wao mdogo mkavu wanaita tuyo, wanamkaanga asubuhi. Nyumba nzima ilikuwa inalalamika isipokuwa mimi, maana kwa mtu aliyekulia kwenye dagaa ile ilikuwa harufu ya nyumbani. Nikaenda nikakaa nao, tukala na wali. Tangu siku hiyo upande wa kushoto wa jiko ukawa wangu pia.

Lakini lililonimaliza ni la mzee wa Kerala. Ijumaa moja alinituma nimfuate kwenye duka la kwao kule Karama, nimsaidie kubeba mchele. Nikiwa nazubaa kwenye rafu za vyombo nikaona mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi! Kibao cha kukalia, shingo imenyooka mbele, ulimi wa chuma wenye meno. Ile ile aliyokuwa anaikalia bibi yangu uani Tanga, khanga imefungwa kiunoni, sinia chini. Nikaikalia pale pale dukani kumwonyesha mzee kwamba najua, wateja wakacheka, muuzaji akaleta nazi nusu nijaribu. Wao wanaiita chirava. Rafu ya chini yake kulikuwa na chuma cha mashimo mashimo cha kuchomea vitumbua, ambacho wao wanapikia unniyappam, unga wa mchele na ndizi na sukari guru. Nilinunua mbuzi. Mchuzi wa samaki wa nazi wa mzee yule na wa kwetu ni ndugu wa baba mmoja, tofauti ni kwamba yeye anatia tunda lao kavu la uchachu pale tunapotia ukwaju. Tulibishana juu ya hilo miaka miwili, mpaka alipostaafu akarudi kwao. Mbuzi ninayo.

Mkuu, haya sikuja kuyatafuta. Nilikuja kutafuta pesa. Bahari yetu ina upande wa pili, na ukiwa Tanga unaisoma shuleni tu, pepo za kaskazi na kusi na majahazi. Deira unaiona. Nenda jioni ukingo wa Khor, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji, majahazi ya mbao bado yanapakia friji, matairi na magunia ya mchele kwenda Irani na Somalia. Vuka maji kwa abra, ile boti ndogo ya wazi, nauli dirham 1. Dakika chache upo Bur Dubai, umekaa bega kwa bega na mtu mwenye suti na mtu mwenye ovaroli. Kwa dirham hiyo moja sijui starehe nyingine ya kuishinda.

Halafu lugha. Mswahili akija huku anagundua kwamba ana nusu ya maneno ya kila mtu. Siku moja dereva wa lori letu, Mpakistani, alikuwa anapiga kelele kwenye simu, nikasikia "gaari", nikasikia "kharab". Nikamuuliza kwa Kiswahili, "gari imeharibika?" Akageuka akanijibu kwa Kiurdu kama vile tumezaliwa mtaa mmoja. Tukaanza mchezo ambao hatujaumaliza mpaka leo: bima ni bima, duka ni dukan, rangi ni rang, pesa ni paisa, laki ni lakh, kachumbari kwa Wahindi ni kachumber. Ukiongeza maneno ya Kiarabu, kitabu, wakati, safari, habari, unafanya kazi wiki nzima bila kufungua kamusi. Kiingereza kipo, ndicho cha ofisini, lakini ni cha kila mtu na hakina mwenyewe. Hakuna wa kukucheka kwa kukosea, wote tunakosea.

Na Kiswahili chenyewe kipo, chunga mdomo wako. Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya serikali na mwenzangu wa Mombasa, tunamsema kwa Kiswahili mzee aliyekuwa mbele yetu kwamba anachelewesha watu. Mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kushona ya Kiomani. Akageuka polepole: "Wanangu, mnatoka bara au visiwani?" Nilitamani sakafu ipasuke. Kumbe mzaliwa wa Pemba, aliondoka mdogo na wazazi wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Tulimwomba radhi na kumwamkia shikamoo, akaipokea kwa sauti ambayo sijaisikia tangu babu yangu afariki. Akatuuliza kama karafuu bado zinaanikwa barabarani.

Sikukuu ni jambo lingine, maana hapa zinapangana mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani misikiti mingi inatandika mikeka nje na kugawa futari bure: tende, maziwa ya laban, sahani ya biriani. Haulizwi mtu dini yake. Yule Mnepali wetu, Mhindu, alikuwa anatukumbusha sisi Waislamu kwamba jua limekaribia kuzama twende tukawahi nafasi. Oktoba au Novemba ni Diwali, ghorofa zima la Bur Dubai linawaka taa. Desemba Wafilipino wanakuimbia Krismasi mpaka unajua maneno. Jamaa yangu wa Moshi ni Mkatoliki, anasali Kanisa la St. Mary's kule Oud Metha, lipo tangu 1967. Kabla ya 2022 mapumziko ya wiki yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo misa yake kubwa alikuwa anaenda Ijumaa. Mama yake Moshi hakuelewa kamwe. Alidhani mwanawe amesilimu na anamficha. Januari 2022 mapumziko yalipohamia Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ikawa nusu siku serikalini, jamaa alimpigia mama simu kumpa habari njema kwamba sasa anasali Jumapili kama wakristo wengine.

Usalama na usafiri sitavirefusha, kila mtu atakutajia. Treni za umeme zisizo na dereva, tangu 2009, zinafika kwa wakati. Kuna sehemu ya wanawake na watoto, na mwanaume ukiingia humo, hata kwa bahati mbaya, faini ni dirham 100. Kula ndani nako ni dirham 100, nilishakatwa kwa andazi. Kwa mkeo hili ni la maana: dada yangu alipokuja kunitembelea, alitembea peke yake saa tano usiku kutoka dukani, na alipofika akakaa kimya, halafu akasema, "Sijageuka nyuma hata mara moja." Simu yangu niliisahau kwenye teksi, ikarudi kesho yake.

Hakuna kodi ya mapato kwenye mshahara, hiyo kweli, lakini tangu 2018 kuna VAT ya asilimia 5, na kodi ya nyumba inaumiza. Wenye nyumba wengi wanataka hundi za miezi mingi mbele, si kodi ya mwezi kwa mwezi. Usione sifuri nyingi kwenye mshahara wa ofa ukapagawa.

Yule aliyesema joto hakudanganya. Juni mpaka Septemba ni tanuri. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 sheria inakataza kazi za juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9 alasiri, uone mambo yalivyo. Ukifika Julai utanitukana. Njoo Novemba, jioni watu wote wako nje, ufukwe wa Mamzar umejaa moshi wa nyama, na alfajiri ya Jumapili kwenye viwanja vya mchanga vijana wanacheza kriketi kabla jua halijapanda. Simama na gari kwenye kimgahawa, piga honi moja, kijana analeta karak, chai ya maziwa iliyoiva na iliki, kwenye kikombe cha karatasi.

Kinachouma nitakisema, maana swali lako ni la familia. Kampuni iliyonileta, sitaitaja, ilinichelewesha mshahara miezi miwili na pasipoti yangu ilikaa kwenye droo ya bosi, kinyume cha sheria. Niliyemkopa ni yule kuya wa tuyo, aliyekuwa na watoto watatu Manila. Kwa wengi wetu kibali cha kuishi kimefungwa kwenye kazi. Kazi ikiisha, siku zinaanza kuhesabiwa, hata kama umekaa miaka 20. Kila mwezi unamuaga mtu. Nimeshazoea kupewa sufuria na mapazia ya wanaoondoka. Baba alipofariki, safari ya ndege ni ya saa tano na ushee tu, na bado nilifika wameshazika.

Kwa hiyo kwa mkeo mwambie hivi: aje peke yake kwanza kwa wiki mbili, mwezi wa Desemba, akae Deira au Karama, si hotelini Marina, apike mwenyewe, apande abra. Akichukia hapo, kweli mji haumfai. Kama mtaanza kwa kuchangia nyumba, kabla ya kulipia nenda saa ya chakula cha jioni, ingia jikoni uone nani anapika nini.

Na huo mshahara uliotajiwa, uweke hapa tuupigie hesabu, ila sema kama nyumba, bima na tiketi ya likizo vimo ndani au ni mkavu.