Vespa ya mzee imelala miezi 14, inawaka kwa choki tu: ninunue kabureta mpya?

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Asalaam aleikum fundi. Baba yangu ana Vespa PX 150, ile ya kuchanganya oili. Aliugua tukaiacha ukumbini imefunikwa turubai miezi 14, sasa kapata nafuu anaitaka. Nimeongeza petroli mpya lita mbili juu ya ile ya zamani, nikaweka plagi mpya, nikipiga kiki inawaka nikiwa nimevuta choki lakini nikirudisha choki inazima. Saa nyengine resi inapanda yenyewe inabaki huko huko juu. Na chini panadondoka petroli. Kuna fundi alikuja akazungusha skrubu zote akasema kabureta imekufa ninunue mpya. Ni kweli?"

Waaleikum salaam mwanangu. Mpe mzee salamu zangu, alhamdulillahi kwa nafuu aliyopata. Usinunue kabureta, angalau sio leo. Kwa maelezo yako haijafa hiyo, imeziba, na kuziba na kufa ni vitu viwili mbali mbali kabisa. Halafu kabla hujafanya lolote funga koki ya tanki, na hiyo Vespa itoe ukumbini uiweke uwani mbali na jiko la mkaa na chetezo cha udi, mana petroli inayodondoka ndani ya nyumba sio jambo la kusubiri kesho.

Sasa nikueleze kilichotokea humo ndani. Kile kikombe cha kabureta kina tundu la kupumulia, kwa hiyo petroli iliyobaki mule inakauka polepole. Yale mafuta mepesi yanapotea hewani, yanabaki mazito, yanageuka kuwa gundi ya rangi ya kahawia kama vanishi, na kwa vile ya kwenu ni ya kuchanganya basi na oili nayo inabaki pale pale inanata. Na kama koki mliiacha wazi, basi kila kikombe kikikauka tanki likakijaza tena, ikakauka tena, hivyo hivyo miezi 14, yaani gundi juu ya gundi. Sasa angalia ukubwa wa matundu yenyewe, yale ya jeti, vile vipande vidogo vya shaba vinavyopimia petroli inayoingia kwenye injini. PX 150 nyingi zina kabureta ya Dell'Orto SI 20/20, na namba zilizogongwa kwenye jeti ndo kipimo cha tundu kwa sehemu ya mia ya milimita. Jeti kubwa kwa kawaida ni 100, yaani milimita moja kamili. Jeti ya sailensa, yaani ya injini ikinguruma taratibu bila kuvuta resi, ni 48/160, ile 48 ndo ya petroli, tundu lake halifiki hata nusu milimita. Unahitaji uchafu kiasi gani kuziba tundu la nusu milimita? Kidogo mno, hata jicho halioni.

Ndo mana inawaka kwa choki tu. Choki ina njia yake ya kumwaga petroli nyingi, ukiirudisha injini inategemea zile jeti, na jeti hazipitishi kitu. Uchafu ungekuwa umeziba jeti ya sailensa peke yake ingekubali ukiwa umevuta resi na kuzima ukiachia, ungekuwa umeziba jeti kubwa peke yake ingetulia sailensa ikafa ukivuta resi. Yako inakufa kote kote kwa hiyo mimi nadhani zote mbili zimekamatwa.

Na hapa nakuomba sana, usiiendeshe na choki hivyo hivyo eti mpaka upate nafasi. Injini hii oili yake inakuja na petroli, hakuna njia nyengine. Petroli ikipita kidogo na oili inapita kidogo, pistoni inapata moto, inavimba, inakamata kwenye silinda. Nililetewa moja hapa mwaka jana, kijana aliiendesha imevutwa choki kutoka shamba mpaka mjini akidhani inazidi kufunguka njiani, tulipofungua pistoni ilikuwa imechunika upande mzima, aluminiamu imepakaa kwenye silinda. Kazi ya kusafisha ambayo ni ya nusu siku ikawa kuchonga silinda na pistoni mpya na ringi zake.

Haya tuanze kazi, na tuanzie kwenye tanki sio kwenye kabureta. Wengi wanakosea hapo, wanasafisha kabureta iking'aa kisha wanaifungulia uchafu ule ule. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya maji nyeupe inayoonesha, fungua koki. Kwanza angalia mtiririko, unatakiwa uje mfululizo bila kukatika. Ukija kwa matone fungua kifuniko cha tanki, ukianza kutiririka vizuri basi tundu la kupumulia kwenye kifuniko limeziba, lisafishe. Kisha iache chupa itulie kama nusu saa halafu itazame kwenye mwanga. Maji yanakaa chini kabisa kama duara linalocheza cheza, kutu inakaa kama vumbi jekundu, na petroli iliyooza unaijua kwa harufu, haikuchomi pua tena, inanuka kama rangi ya mlango. Sisi wa pwani na unyevu huu na chumvi hii, tanki lililokaa nusu tupu mwaka mzima lazima lina kutu kule juu ambako petroli haikufika. Kwa hiyo zile lita mbili ulizoongeza samehe, zimwage zote na za zamani. Kama kutu ni nyingi tanki litoke, litie siki na changarawe safi au mnyororo mfupi, tikisa, liache na siki yake usiku kucha, asubuhi suuza na maji yenye magadi kidogo ya kuvunja makali ya siki, likaushe juani mpaka liwe kavu kweli kweli, na hapo hapo lisuuze kwa petroli yenye oili kabla kutu haijarudi.

Kabureta sasa. Uzuri wa hii SI ni kwamba jeti zote mbili zinafikiwa kwa juu, huhitaji hata kuitoa. Fungua kifuniko cha ubavu wa kulia, ufungue kifuniko cha boksi lililobeba kabureta, utoe filta ya hewa, na hapo chini utaziona jeti zimesimama, kubwa na ndogo jirani. Tumia bisibisi bapa inayojaa kwenye mfereji wake, mana ni shaba laini, ukiichuna kichwa hutaitoa tena. Ile kubwa utaona ni kama kijiti kirefu, usidhani ni kipande kimoja, ni vipande vitatu vimepachikwa: juu kirekebisha hewa, katikati mrija wenye vitundu ubavuni, chini kabisa ndo jeti yenyewe. Vichomoe kwa kuzungusha huku unavuta, na vitundu vyote vya ule mrija visafishwe, wengi wanasafisha ncha tu na kurudisha.

Loweka kwenye tina ya kuchanganyia rangi au spray ya kusafishia kabureta saa moja au mbili halafu piga upepo wa kompresa, kama huna kompresa nenda kwa wanaojaza upepo magurudumu. Ikiwa bado haijafunguka tumia uzi wa mshipi wa nailoni ule wa milimita 0.40, unapita kwenye 48 bila kuikwaruza. Waya wa chuma HAPANA, na sindano ya kushonea HAPANA. Ukiipanua ile tundu hata kwa unywele basi namba iliyoandikwa inakuwa uongo, na hakuna atakayeweza kuitengeneza hiyo Vespa vizuri mpaka jeti ibadilishwe. Kupima ni rahisi, ishike juu uitazame mbingu kupitia tunduni. Unatakiwa uone duara kamili, kingo kali. Ukiona duara limekatwa upande mmoja kama mwezi wa siku kumi, bado gundi ipo, rudisha kwenye tina.

Hilo la kudondoka ni floti, lile boya dogo ndani ya kikombe, na sindano yake. Floti ikipanda na petroli inaisukuma sindano izibe njia, sasa sindano imenata na gundi, haizibi, petroli inapita tu mpaka inamwagika. Fungua kifuniko cha floti, toa pini yake taratibu, safisha sindano na kiti chake. Ncha ya sindano ikiwa na mstari wa duara uliochimbika nunua mpya, ni spea ndogo. Tikisa floti sikioni, ukisikia petroli ndani imetoboka hiyo. Na hapo petroli inapoingilia kwenye kabureta kuna wavu mdogo wa chujio, usiusahau, mara nyengine ugonjwa wote upo hapo.

Sasa kwa sababu ilikuwa inamwagika, sehemu ya hiyo petroli imeshuka kwenye injini yenyewe, mana kabureta imekaa moja kwa moja juu ya chumba cha krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kwa hiyo koki ikiwa imefungwa toa plagi, vuta resi mpaka mwisho, piga kiki mara kumi kumi na tano, ipumue. Waya wa plagi uweke mbali na tundu la plagi, cheche isije ikakutana na ule mvuke.

Skrubu alizozungusha mwenzetu: ile ya mchanganyiko iko nyuma ya boksi, imezibwa na kizibo cha mpira. Ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze, halafu irudishe mzunguko mmoja na nusu, uanzie hapo. Ikiwaka iache ipate moto, kisha izungushe robo robo mpaka utakapoisikia inakwenda vizuri zaidi, kwa kawaida inaishia kati ya moja na nusu na mbili na nusu. Ile ya juu ni ya sailensa tu, kupandisha na kushusha.

Petroli utakayotia ni mpya, na oili ya kuchanganya asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita, mililita 100 kwa lita tano. Ukiwa na kioo kidogo cha oili chini ya siti basi yako ni ya tanki la oili peke yake, niandikie tena, ina mambo yake.

Halafu hili la resi kupanda yenyewe, hili ndo linalonitia wasiwasi kidogo. Inaweza kuwa jambo dogo, waya wa resi umekauka au slaidi ya kabureta, kile kipande kinachofungua njia ukivuta resi, imenata, na slaidi inanata pia ukizikaza sana zile nati mbili zinazoibana kabureta, mwili wake unapinda. Zikaze za kutosha tu, kwa mkono mmoja. Jeti zikiwa chafu nazo zinapandisha resi, kwa hiyo safisha kwanza ndo uhukumu. Ila ikiwa umemaliza yote haya na bado inapanda, hapo hewa inaingia pengine, na kwenye Vespa iliyolala muda mrefu mshukiwa ni sili ya krenki, ule mpira unaoziba pembeni ya shafti, upande wa magneto inayozalisha umeme, mpira wake umekauka. Ya upande wa pili, wa klachi, ikifa dalili yake ni moshi mzito mweupe usioisha na oili ya giaboksi inapungua.

Baada ya kuiendesha kama kilomita tano mpe plagi macho. Rangi ya chokoleti, mzee apande. Nyeupe kavu, usimpe mzee, petroli bado haitoshi. Nyeusi mbichi, rudi kwenye floti na choki uhakikishe inarudi mpaka mwisho.

Na siku hiyo hiyo fungua nati ya giaboksi chini uchukue oili kidogo kidoleni uinuse. Ikinuka petroli, basi ile iliyomwagika imepita mpaka huko, imwage yote utie mpya, SAE 30, mililita 250.